Mbao Inayojikinga kwa Mkaa Wake

Mwaka 2017, kwenye maabara ya moto ya Gaithersburg, jimboni Maryland, Marekani, watafiti walijenga chumba cha mbao chenye urefu wa mita 9.1, upana wa mita 4.6 na kimo cha mita 2.7. Wakakipangia vyombo vya kawaida vya mtu wa mjini: kochi, kitanda, meza, makabati ya jikoni. Kisha wakakitia moto. Walifanya hivyo mara sita, na kila mara kitu fulani kilibadilishwa. Safari moja kuta na dari zote zilifunikwa kwa bodi za jipsamu. Nyingine ukuta mmoja uliachwa mbao tupu, nyingine dari, nyingine vyote viwili.

Hakuna aliyekwenda pale kutazama kama mbao inaungua. Mtu yeyote aliyepika kwa kuni anajua. Walitaka kujua jambo gumu zaidi: vyombo vya ndani vikishaungua vikaisha, moto utapungua na kufa wenyewe, au utageukia kuta na kuila nyumba mpaka ianguke? Kwa anayelala ghorofa ya kumi na mbili, tofauti ya majibu hayo mawili ni uhai wake.

Mbao iliyochomwa pale si ile ya kenchi wala ya fremu za milango. Ni paneli nene inayotengenezwa kiwandani. Mbao za misonobari zilizokaushwa hupangwa ubavu kwa ubavu, hupakwa gundi, kisha safu ya pili hulazwa juu yake ikikata njia ya kwanza, ya tatu ikarudi kwenye mwelekeo wa kwanza, na hivyo hivyo mpaka zitimie safu tatu, tano au saba. Vyote hubanwa kwa mashine hadi gundi ishike. Muundo wake ni wa plaiwudi, ila hapa safu moja tu ina unene wa sentimita mbili, tatu au zaidi, na paneli moja huweza kuwa ukuta mzima, ukafika kwenye eneo la ujenzi ukiwa umeshakatwa nafasi za milango na madirisha.

Sababu ya kuzipitisha safu hizo kinyume iko katika maumbile ya mti. Mti una nguvu nyingi kufuata urefu wa nyuzi zake, lakini ukiuvuta kwa upana hupasuka kirahisi. Tena, unyevunyevu ukipanda na kushuka, mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana kuliko kwa urefu, na hapo ndipo milango hukwama na sakafu huvimba. Safu zikikatana, kila moja humshika jirani yake asitanuke. Paneli inayopatikana ina nguvu pande zote mbili na haipindi ovyo.

Ujenzi huu ulikomaa Austria na Ujerumani katika miaka ya 1990. Gerhard Schickhofer wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, aliyetumia miaka mingi kuupima na kuuandikia kanuni, alipewa tuzo ya Marcus Wallenberg mwaka 2019. Mwaka huohuo Norway ilifungua Mjøstårnet, mjini Brumunddal, jengo la ghorofa 18 lenye kimo cha mita 85.4, nguzo na mihimili yake mikubwa ikiwa ya mbao za kugundishwa. Mwaka 2022 likaja la Milwaukee, Marekani, liitwalo Ascent, lenye ghorofa 25 na mita 86.6.

Sasa turudi kwenye moto. Mbao ikipata joto, kwanza hutoa maji yaliyomo, karibu nyuzijoto 100. Joto likikaribia 300, mti huvunjika kikemikali na kutoa gesi, na miali tunayoiona ni gesi hizo zikiwaka. Kinachobaki nyuma ni mkaa. Mkaa huo hupitisha joto kwa shida sana, na kadiri unavyozidi unene ndivyo joto linavyochelewa kuufikia mti ulio nyuma yake. Ni hali ya gogo nene mekoni: vijiti vimeshakuwa majivu, lenyewe bado lina moyo mzima. Sentimita chache nyuma ya mstari wa mkaa, mbao ya paneli haijapata habari za moto na bado inabeba mzigo wake.

Chuma hakiungui, lakini kwenye nyuzijoto 600 kimeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, na hupitisha joto kwa kasi kubwa mno. Ndiyo maana nguzo za chuma hufunikwa kwa zege, jipsamu au rangi maalumu. Kutokuungua pekee hakuliokoi jengo.

Uzuri wa mbao nene ni kwamba kasi yake ya kuungua inatabirika. Kanuni za usanifu za Ulaya huchukua milimita 0.65 kwa dakika kwa miti jamii ya msonobari. Kwa saa moja ni milimita 39. Mhandisi huongeza milimita 7 za mbao ambayo haijawa mkaa ila imeshapashwa joto na kudhoofika, jumla milimita 46. Anaziondoa kwenye hesabu yake, kisha anauliza: kilichobaki kinaweza kubeba jengo? Kama hakiwezi, anaongeza unene.

Hesabu hiyo imewatuliza watu wengi, na kwa mhimili wa mbao nene inafanya kazi vizuri. Kwa paneli za safu ina sharti ambalo kwa miaka kadhaa halikupewa uzito wake: mkaa lazima ubaki mahali pake.

Paneli za Maryland zilikuwa na safu tano, kila moja milimita 35, jumla milimita 175. Gawanya 35 kwa 0.65: dakika 54. Yaani kabla saa moja haijatimia, moto unafika kwenye gundi ya kwanza. Gundi nyingi za polyuretheni zilizotumika wakati ule zililegea kwa joto hata kabla mkaa haujazifikia. Gundi ikilegea, vipande vya safu ya kwanza hubanduka na kuanguka, hasa darini. Kinga yote ya mkaa inalala sakafuni, na juu kimebaki kitu ambacho moto haukutegemea kukipata tena: mbao mpya, kavu, yenye joto tayari. Moto uliokuwa unafifia unapata kuni upya na kuwaka chumba kizima kwa mara ya pili.

Ndicho kilichotokea kwenye vyumba vilivyokuwa na mbao tupu. Miali ilipungua, kisha ikarudi. Pale ambapo jipsamu ilifunika kila kitu na kushikilia, moto ulikula vyombo na kupungua.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa mbao huwa hawalisemi kwa sauti. Ukuta wa safu tano hubeba uzito wa jengo kwa safu zilizosimama wima tu: ya kwanza, ya tatu na ya tano. Ya pili na ya nne zimelala, kazi yake ni kuzishika nyingine. Moto ukila safu ya kwanza upande mmoja, ukuta umepoteza theluthi ya safu zinazobeba, na moto unapoendelea kula ya pili, haupunguzi nguvu nyingi zaidi. Lakini zilizobaki ziko upande mmoja, wakati mzigo wa ghorofa za juu bado unashuka palepale uliposhukia awali. Ukuta unakuwa umeegemezwa vibaya na huanza kutaka kupinda. Kwa hiyo mtu asikubali kuambiwa kwamba imeungua robo tu basi imebaki nguvu ya robo tatu. Paneli za safu hazihesabiwi hivyo.

Nayaheshimu majaribio ya Gaithersburg kwa sababu yalifuatwa na matendo. Mwaka 2018 kiwango cha Amerika ya Kaskazini cha paneli hizi kilibadilishwa: gundi isiyoweza kushikilia safu hadi ziungue mahali pake haikubaliki tena, na inathibitishwa kwa kuchoma dari halisi yenye mzigo juu yake. Mwaka uliotangulia, huko Beltsville, palepale Maryland, zilichomwa pia nyumba za ghorofa mbili katika majaribio matano. Katika mawili ya mwisho mbao zote ziliachwa wazi, lakini palikuwa na vinyunyizi vya maji darini. Katika la kwanza viliudhibiti moto mapema. Katika la pili vilicheleweshwa makusudi kwa takriban dakika 20, na bado maji yalipofunguliwa moto ulisalimu amri.

Kutokana na kazi hiyo, kanuni ya ujenzi ya Marekani ya mwaka 2021 iliruhusu ghorofa 18 za mbao kwa sharti kwamba mbao zote zifunikwe, ghorofa 12 ikiwa sehemu tu imeachwa wazi, na 9 kwa zenye mbao tupu. Mpangilio huo unaeleza wazi wasiwasi uko wapi. Kadiri watu wanavyoishi juu zaidi, ndivyo mbao inavyofichwa.

Ofisi kubwa zisizo na kuta za ndani zina shida yake. Nchini Ufaransa, wataalamu wa Imperial College London na kampuni ya Arup walichoma ukumbi wa mita za mraba 352 wenye dari ya mbao tupu. Katika vyumba vidogo moto hujaa na kutulia; pale moto ulisambaa chini ya dari kwa dakika chache tu. Na miali ilipokwisha, baadhi ya sehemu ziliendelea kuungua chini kwa chini, bila mwali, zikitoboa mbao polepole. Kwa kikosi cha zimamoto hilo ni somo zito: kuondoka baada ya miali kuzimika ni kuondoka mapema. Lazima pawe na mtu wa kubaki, kamera ya kuona joto, na ruhusa ya kufungua kuta.

Kwa maoni yangu, mvuto wa dari ya mbao iliyo wazi, ile inayopendeza kwenye picha za majarida ya usanifu, umelipiwa bei kubwa kuliko inavyotajwa. Kwa makazi ya watu wengi ningechagua jipsamu kwenye kuta na dari, vinyunyizi vinavyofanya kazi, na mbao wazi kidogo sana.

Upande wa nguvu, habari ni njema zaidi. Oktoba 2007, mjini Miki, Japani, watafiti wa Italia waliweka jengo la paneli hizi, ghorofa saba, kimo cha mita 23.5, juu ya meza kubwa ya kutikisia na kulipitisha kwenye mtikisiko uliorekodiwa Kobe mwaka 1995, tetemeko lililoua maelfu. Jengo lilitikisika kisha likarudi kusimama wima. Paneli zenyewe ni ngumu na hazipindi. Kinachotoa njia ni misumari, skrubu na vyuma vya kuungia, ambavyo hujipinda kidogo na kumeza nguvu ya mtikisiko, na baadaye vinaweza kukazwa au kubadilishwa. Zaidi ya hapo, tetemeko husukuma jengo kulingana na uzito wake, na mbao ina uzito wa karibu moja ya tano ya zege. Wakazi wa Bukoba walioshuhudia matofali yakiporomoka kwenye tetemeko la Septemba 2016 hawahitaji maelezo marefu juu ya hilo.

Wepesi una gharama yake pia: jengo jepesi huyumba kwenye upepo. Kule Brumunddal sakafu za ghorofa za juu ziliwekwa zege ili kuongeza uzito, wakazi wasihisi kichefuchefu siku za dhoruba.

Haya yanatuhusu kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Zanzibar ilijenga kwa miti tangu zamani. Upana wa vyumba vya Mji Mkongwe, karibu mita tatu, uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizoshika dari. Na mwaka 2021, kwenye mji mpya wa Fumba, ulitangazwa mpango wa mnara wa ghorofa 28, mita 96, unaochanganya mbao na kiini cha zege. Saruji peke yake huchangia karibu asilimia 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu, na mita moja ya ujazo ya mbao ya msonobari inashikilia karibu robo tatu ya tani ya gesi hiyo kwa muda wote inaposimama. Sababu za kuutaka ujenzi huu zipo.

Pwani ina maadui wake: mchwa na unyevunyevu. Mbao ikikaa na maji zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu huanza kuila. Paneli lazima zikae juu ya msingi wa zege ulioinuka, zitiwe dawa, na pawe na nafasi ya mkaguzi kuona njia za mchwa kabla hazijafika kwenye kuta.

Bara, Mufindi, msitu wa Sao Hill ndio shamba kubwa kuliko yote la miti ya kupandwa Tanzania, na paina yake hujaza malori kila siku. Ila namba zile za Ulaya zilipatikana kwa miti ya nchi za baridi inayokua polepole. Paina inayokua upesi huweza kuwa nyepesi zaidi, na mbao nyepesi huelekea kuungua kwa kasi kubwa zaidi. Kabla haijawa ukuta wa ghorofa, mbao ya Mufindi inahitaji kupangwa kwa madaraja ya nguvu, kugundishwa kwa gundi inayostahimili moto, kuchomwa kwenye tanuri la majaribio ikiwa na mzigo juu yake, na milimita zake zihesabiwe kwa dakika.