Kangle: Ujira upo, kuishi na mtoto ni vigumu

Kangle, mtaa wa karakana za nguo katika wilaya ya Haizhu mjini Guangzhou, China, huwavutia vijana wengi kutoka jimbo la Hubei. Wengi hulipwa kwa idadi ya nguo wanazoshona.

Kwa baba kijana aliyeachana na mkewe, ujira huo pekee hautoshi kumweka karibu na mwanawe. Sheria humpa haki ya kumtembelea na wajibu wa kumtunza. Hata hivyo, usajili wa makazi, uitwao hukou, humfanya mtoto aliyesajiliwa kijijini apate kwa shida nafasi katika shule za umma za mjini.

Novemba 2022, Kangle ilipofungwa kutokana na Covid-19, kazi zilisimama na wafanyakazi wakaandamana. Mshonaji asiposhona, hana cha kumtumia mtoto.