"Alama" katika Sheria za Uhamiaji

Mwalimu wa Mkolani, Mwanza, aambiwapo kwamba nchi fulani hupokea wafanyakazi wenye ujuzi kwa alama, hudhani ni kama mtihani wa shule: ukizifikisha, umefaulu. Kwa Uingereza hakosei sana. Tangu Desemba 2020 mwombaji hutakiwa kupata alama 70, ingawa bila mwajiri aliyeidhinishwa hazifikiki. Kanada, iliyoanza mtindo huo mwaka 1967, iliongeza ngazi nyingine mwaka 2015: alama 67 katika 100 humwezesha mtu kuingia orodhani tu, humo hushindanishwa kwa hesabu nyingine, na wa juu ndio hualikwa. Mfasiri akiandika "amefaulu" hapo, mtu aweza kuuza kiwanja chake bure. Twapendekeza "alama za kustahiki" kwa ngazi ya kwanza, na "alama za ushindani" kwa ya pili.