Taa ya Gari ni ya Mtu Mwingine

Kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, au ile ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, lori hupanda kilima likiburuta foleni nyuma yake. Dereva akiwasha indiketa ya kulia bila nia ya kukata kona, aliye nyuma anaelewa: usipite, kuna gari linakuja. Ikiwaka ya kushoto, njia ni nyeupe. Lugha hiyo haimo kwenye sheria, na ina hatari yake, kwani huenda lori linakata kona kweli. Lakini madereva hao wanajua jambo ambalo wabunifu wengi wa magari mapya wamelipa kisogo: taa ya nje ni ya mtu mwingine. Anayeendesha haioni.

Rangi ndiyo kosa linaloniudhi zaidi, kwa sababu dawa yake inajulikana. Katika nchi zinazofuata kanuni za magari za Umoja wa Mataifa, indiketa ya nyuma lazima iwe ya rangi ya chungwa. Marekani inaruhusu nyekundu, na katika magari mengi ya huko taa ileile ndiyo ya breki. Dereva akikanyaga breki huku ameashiria kushoto, taa ya kulia inawaka mfululizo na ya kushoto inapepesa. Sasa chukulia kwamba upande wa kulia umezibwa na gari jingine, unaona kona moja tu. Je, anakata kona, au anagusagusa breki? Jicho halina namna ya kujua mara moja, na ubongo unapoteza muda kusubiri.

Mwaka 2009 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilichapisha utafiti uliolinganisha aina za magari ambazo watengenezaji wake walikuwa wamebadili rangi ya indiketa za nyuma. Gari lililokuwa likikata kona, likibadili njia au likiegeshwa liligongwa nyuma kwa uchache zaidi, tofauti ya 5.3%, kama indiketa yake ilikuwa ya chungwa. Mabreki yaleyale, bodi ileile, rangi tu. Hata hivyo nyekundu iliendelea kuruhusiwa, na yapo magari yanayouzwa Ulaya na indiketa za chungwa ambayo huvalishwa nyekundu yanapopelekwa Marekani.

Mahali nako kumechezewa. Siku hizi taa kuu za nyuma zinafanywa nyembamba kwa ajili ya sura, na indiketa inashushwa hadi kwenye bampa. Kanuni za kimataifa zinaruhusu ikae sentimita 35 tu kutoka ardhini. Kwenye foleni, boneti ya gari linalofuata inaificha kabisa.

Mbele ya gari tatizo ni ujirani. Taa nyeupe za mchana zinaruhusiwa kufikia kandela 1,200, na indiketa mara nyingi imebanwa kando yake. Mwanga mkali ukiingia machoni husambaa ndani ya jicho lenyewe, ukatandaza ukungu juu ya vitu vilivyo karibu nao, na indiketa humezwa humo. Magari yaliyofikiriwa vizuri huzima au kufifisha taa ya mchana ya upande ule indiketa inapopepesa. Kanuni zinaruhusu hivyo, ningependa zilazimishe.

Kisha kuna mapambo yanayosema uongo. Mini zilizoboreshwa mwaka 2018 zilipewa taa za nyuma zenye mistari ya bendera ya Uingereza, nusu kila upande. Mistari ya nusu ya kushoto inakutana ikielekea kulia, kwa hiyo indiketa ya kushoto inapowaka inafanana na mshale wa kulia.

Silaumu teknolojia ya LED. Balbu ya zamani huhitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde ili waya wake upate moto na kung'aa. LED huwaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, anayefuata anapewa mita tano na nusu zaidi za kufunga breki. Hiyo ni faida kubwa, na inauma kuiona ikitumika kuchora urembo.

Hatari nyingine huja magharibi, giza linapoingia. Zamani dashibodi ilikuwa giza mpaka uwashe taa, na giza hilo lilikukumbusha. Dashibodi za leo zinang'aa muda wote, taa za mchana zinamulika barabara kidogo, na dereva anaamini amewasha kila kitu kumbe nyuma gari ni jeusi tii. Canada ililishughulikia hilo: tangu Septemba 2021, gari jipya linalouzwa huko lazima liwashe taa za nyuma pamoja na zile za mchana, au lijiwashie taa zote lenyewe gizani, au liache dashibodi bila mwanga mpaka dereva aziwashe.