Nchi Iliyo Juu ya Miti

Katika jimbo la Colorado, nchi ya Marekani, mbali sana na bahari ya mashariki na ya magharibi, iko safu ndefu ya milima iitwayo Rocky Mountains, maana yake Milima ya Mawe. Sehemu moja ya safu hiyo iliwekwa kuwa hifadhi ya taifa tarehe 26 Januari 1915, na humo ni marufuku kuwinda, kukata miti, au kuchuma hata ua moja. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo kiangazi chao, na wakati huo watu wengi, wanaume kwa wanawake, hupanda kwa miguu mpaka vileleni na kurudi siku ile ile. Twapenda kueleza safari moja ya namna hiyo, ya kupanda mlima Flattop na jirani yake Hallett, kwa kuwa mna mambo mawili ndani yake yanayompasa kujua kila mtu akaaye karibu na mlima: jinsi mimea inavyoishi mahali ambapo mti hauwezi kusimama, na jinsi radi inavyoua.

Pengine msomaji atauliza, Watu hawa waenda kutafuta nini huko? Kuni hakuna, na wala hakuna soko upande wa pili. Kweli hawatafuti kitu. Siku nyingi wamekaa ofisini au kiwandani, na siku ya mapumziko waenda kuona. Lakini zamani njia ile haikuwa ya matembezi. Wenyeji wa asili, yaani Waute na Waarapaho, walikuwa wakivuka milima hiyo kwa haja zao, na juu ya safu hiyo zimebaki kuta fupi za mawe zilizojengwa na wawindaji wa kale. Watu wengine waliwafukuza wanyama, nao wanyama wakaufuata ukuta mpaka mahali ambapo wenye silaha walikuwa wamejificha. Mwaka 1914 wazee wawili wa Kiarapaho waliombwa waje kutaja majina ya zamani ya vilele, mito na njia, na baadhi ya majina hayo yamo katika ramani hata leo.

Safari huanza kwenye ziwa dogo liitwalo Bear Lake, Ziwa la Dubu, lililo futi 9,475 juu ya usawa wa bahari. Hapo msafiri amekwisha kupita kimo cha Nairobi kwa futi zaidi ya 3,500, naye bado hajapiga hatua moja. Kutoka ziwani mpaka juu ya Flattop ni maili 4 na kitu, na kimo chake ni futi 12,324. Hallett ni mbele kidogo, karibu nusu maili, na kimo chake chapita futi 12,700. Mtu wa Moshi, aliyezoea kuutazama Kilimanjaro wenye futi 19,340, huenda akacheka akisikia hesabu hizo. Asicheke upesi. Wapandao Kilimanjaro huchukua siku tano au zaidi, na mwili hupata nafasi ya kuzoea. Hawa hutoka kitandani asubuhi na kabla ya adhuhuri wako mahali ambapo hewa haifiki theluthi mbili ya ile ya pwani. Moyo huenda mbio, kichwa huuma, na wengine hutapika. Dawa ya kweli ni moja tu, kushuka.

Wenye busara huanza safari saa kumi na moja alfajiri, wakiwa na taa mikononi. Sababu ya haraka hiyo tutaieleza mbele, maana si baridi wala si jua. Kila mtu huchukua maji ya kutosha, kwa kuwa maji ya vijito, ingawa yang'aa kama kioo, yaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha yasipochemshwa. Huchukua pia nguo nzito na koti la mvua, hata kama mbingu ni safi, kwa sababu huko theluji yaweza kuanguka mwezi wowote wa mwaka.

Maili mbili na zaidi za kwanza ni msitu wa misonobari na jamaa zake, wenye kivuli na harufu nzuri. Hakuna mengi ya kusema juu yake. Lakini karibu na futi 11,000 mambo hubadilika. Miti huanza kuwa mifupi, kisha huinama, kisha hulala chini kabisa kama vichaka. Mingine ina matawi upande mmoja tu, kama bendera, kwa sababu upepo wa masika ya baridi, ambao nguvu zake zaweza kupita maili 100 kwa saa, hukwaruza kwa chembe za barafu kila chipukizi litokezalo upande wake. Mti wenye unene wa mkono wa mtu waweza kuwa na umri wa miaka mia na kupita. Hatua chache mbele yake hakuna mti tena. Mti hutaka joto la kutosha wakati wa kiangazi ili utengeneze gogo lake. Mahali ambapo hata mwezi wa joto kuliko yote haufikii vipimo 50 vya Fahrenheit kwa wastani, mti hushindwa. Hapo ndipo ianzapo nchi wanayoiita tundra, nyika ya baridi, pana, wazi, iliyofunikwa na majani mafupi na mawe.

Mgeni akitazama kwa mbali husema, Hapa hapana kitu. Akipiga magoti huona bustani. Kuna mmea mmoja wa maua ya rangi ya waridi unaokua kama mto mdogo wa kulalia, mviringo, umebanana sana, haupiti vidole viwili kwa kimo. Upepo hupita juu yake usipate pa kuushika, na ndani yake joto la jua hukaa kama ndani ya blanketi, hata wadudu huenda humo kujipasha moto. Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji. Mmea huo waweza kungoja miaka kumi kabla ya kutoa maua vizuri, na ukifikia upana wa sahani umekwisha kuona watu wakizaliwa na kuzeeka. Kuna na mwingine wenye ua kubwa la manjano na manyoya meupe, nao huuita Mzee wa Mlima. Huu huweka akiba miaka mingi, hutoa ua mara moja katika maisha yake, kisha hufa. Maua yake yote huelekea mashariki, kwenye jua la asubuhi. Na kwa kuwa mawingu ya nchi ile huja baada ya adhuhuri, twaweza kusema ua limeijua saa kuliko watu wengi wapandao.

Hapa yafaa tulinganishe na mlima wetu. Juu ya msitu wa Kilimanjaro mna mimea iitwayo senesio, yenye shina nene na kichwa cha majani kama kabichi, na kimo chake humpita mtu mara mbili na zaidi. Kwa nini baridi ya huku ikuze majitu, na baridi ya kule ifanye vibeti? Kilimanjaro uko karibu na ikweta. Baridi yake huja kila usiku na kuondoka kila asubuhi, mwaka mzima, kwa hiyo senesio hufunga majani yake usiku na kulivika shina majani makavu kama koti, na kesho huendelea kukua. Kule Colorado baridi huja mara moja, lakini hukaa miezi minane au tisa. Mmea unaojitokeza juu ya theluji huuawa na upepo, na uliolala chini hufunikwa na kuhifadhiwa. Ukisha kutoka chini ya theluji una wiki sita mpaka kumi tu za kuota, kutoa ua na kuzaa mbegu.

Basi fikiri kiatu kimoja kikikanyaga mto ule wa maua wenye miaka mia. Kiatu kimoja pengine hakidhuru. Lakini mwaka 2015 watu walioingia katika hifadhi hiyo walizidi milioni 4 kwa mara ya kwanza. Ipo barabara ya magari, Trail Ridge Road, iliyofunguliwa mwaka 1932, ambayo hupanda mpaka futi 12,183 katikati ya nyika hiyo, na watu walioshuka garini kupiga picha walikuwa wamekwisha kuacha vipara vya udongo mtupu. Mwaka 1959 bibi mmoja mtaalamu wa mimea, Beatrice Willard, alizungushia ua vipande vidogo vya ardhi iliyoharibika, akawa akirudi mwaka baada ya mwaka kuhesabu kilichoota. Aliona kwamba mahali udongo wa juu ulipobaki, mimea ilirudi polepole. Lakini mahali ambapo upepo ulikuwa umekwisha kuuchukua udongo, hesabu yake ni mamia ya miaka. Wakulima wa milimani watalielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Kwa hiyo sheria ya kutembea huko ni kushika njia, na mtu akiwa hana budi kutoka njiani, akanyage mawe. Na watu wengi wakivuka mahali pasipo njia, wasifuatane mmoja nyuma ya mwingine kama tulivyozoea sisi, bali watawanyike, kila mmoja apite pake, ili mguu usirudie mahali pamoja.

Wanyama nao wana akili zao. Kuna mnyama mdogo wa jamii ya sungura aitwaye pika (jina hilo halihusu jikoni), asiyezidi ngumi ya mtu. Kiangazi chote hukata majani na kuyaanika juu ya mawe, kisha huyaweka ghalani chini ya miamba. Kwa kuwa halali wakati wa baridi, hula akiba hiyo mpaka theluji iyeyuke. Jirani yake, marmoti, hafanyi kazi hiyo. Hula mpaka anenepe, kisha hulala usingizi wa miezi mingi. Yupo pia ndege wa jamii ya kwale ambaye kiangazi ana rangi ya mawe na wakati wa theluji huwa mweupe kabisa. Waweza kumkaribia hatua tatu usimwone.

Juu ya Flattop hapana ncha. Jina lake maana yake ni Kilele Bapa, na kweli mtu aweza kufika asijue kwamba amefika. Mawe yaliyopangwa huonyesha njia ya kwenda Hallett, na hapo mwendo huwa wa kuruka jiwe hata jiwe mpaka juu. Lakini Flattop una heshima nyingine. Tone la mvua likianguka upande wake wa magharibi huingia mto Colorado, ambao maji yake hutumiwa sana na mashamba na miji hata mara nyingi yasifike baharini, katika Ghuba ya California. Likianguka upande wa mashariki huenda kwa mito Big Thompson, Platte na Missouri mpaka Mississippi, na hatimaye Ghuba ya Mexico. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wanao mgongo wa namna hiyo, ugawao maji ya Kongo na maji ya Nili.

Sasa twaja kwenye sababu ya kuondoka alfajiri. Wakati wa kiangazi jua la asubuhi hupasha moto miamba, na hewa yenye unyevu hupanda juu upesi. Saa nne hakuna kitu mbinguni. Saa tano yaonekana mawingu madogo kama pamba. Baada ya saa sita mawingu yamekuwa minara yenye vitako vyeusi, na ndani yake chembe za barafu zikigongana hukusanya umeme. Umeme huo hutafuta njia ya kushuka, na juu ya nyika isiyo na mti kilichoinuka kuliko vyote ni mtu aliyesimama. Tarehe 11 na 12 Julai 1944 ingekuwa zamani. Lakini haya yalitokea mwaka 2014 katika tarehe hizo hizo, watu wawili wakauawa na radi katika hifadhi hiyo, kila siku mmoja, wote kwenye Trail Ridge Road au karibu nayo, si mbali na magari.

Watu hudhani kwamba radi huua kwa kumpiga mtu kichwani tu. Mara nyingi hupiga ardhi au mti, kisha umeme hutambaa ardhini na kupanda mguu mmoja na kushuka kwa mwingine. Ndiyo sababu ng'ombe wengi hufa pamoja chini ya mti mmoja. Kwa hiyo mti ulio peke yake si kimbilio, wala pango dogo, wala kibanda kisicho na kuta. Nyumba kamili na gari lililofungwa ndizo salama. Hesabu sekunde toka umeme kuonekana mpaka ngurumo kusikika: kila sekunde tano ni maili moja, na zisipofika 30, hatari iko juu yako. Walio wengi pamoja waachane, ili mmoja akipigwa wengine wabaki wa kumsaidia. Na nywele zikisimama, au mawe yakivuma kama nyuki, hakuna tena nafasi ya kushauriana. Ni kukimbia kushuka.

Neno moja twawaomba walimu na wazee walitangaze, hasa kandokando ya Ziwa Victoria, ambako radi ni nyingi kupita sehemu nyingi za dunia. Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Aweza kuguswa mara ile ile, bila kungoja mganga wala kafara. Ikiwa hapumui na moyo umesimama, abonyezwe kifua kwa nguvu na upesi, na kupuliziwa pumzi kinywani na ajuaye, mpaka msaada ufike. Wengi waliodhaniwa wamekufa wamefufuka kwa njia hiyo.

Wapandao Flattop, basi, hula chakula chao juu saa nne au saa tano, hutazama pande zote mbili za maji, na saa sita mchana huwa wamekwisha kurudi kwenye miti, wala hawamwonei haya mtu wanayempita akipanda. Humwonyesha kwa kidole mawingu yalipo. Mvua ikianza saa nane wamo ndani ya msitu, chini ya miti mingi ya kimo kimoja, na ziwa liko karibu.