Kumwita Daktari wa Punda na Farasi

Ikiwa una punda wa kupeleka maziwa au kuteka maji, yafaa ujue kazi ya daktari wa wanyama anayejitegemea, yule azungukaye mashambani na dawa zake katika pikipiki. Huyu halipwi mshahara na Serikali. Petroli, dawa na sindano hununua mwenyewe, kwa hiyo katika bei yake imo safari pia. Si kwamba anakuonea. Kwa kazi isiyo ya haraka, kama kukata kwato au kuchanja punda asipatwe na pepopunda (jina lenyewe limemtaja!), shauriana na jirani zako mmwite siku moja, mgawane gharama ya safari.

Lakini ugonjwa wa tumbo haungoji jirani. Farasi na punda hawawezi kutapika. Matumbo yakiziba, tumbo hujaa hata laweza kupasuka. Farasi hugaagaa chini, bali punda huficha maumivu: utamwona amesimama kimya tu, hataki kula. Usimnyweshe kitu kwa chupa, maana chaweza kuingia mapafuni. Mpigie daktari simu saa ile ile. Mwambie punda alikula nini, lini alitoa mavi mara ya mwisho, na njia ipi haina matope.

Akifika, mwombe akuonyeshe cheti chake. Sheria ya mwaka 2011 yataka aandikishwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.