Mboga za Mbweni na Unene wa Mwili

Wanachama wengi wana jamaa zao Dar es Salaam, na baadhi wamefika Mbweni. Si Mbweni yetu ya Unguja, bali ile ya pwani ya Kinondoni. Huko, kati ya nyumba na nyumba, bado mtu huona matuta ya mchicha na matembele. Twayataja kwa kuwa siku hizi twasikia kwamba mboga fulani, na hata mafuta ya karafuu, huyeyusha unene. Nao unene umezidi: uchunguzi wa taifa wa 2004–05 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliopita kiasi, ule wa 2015–16 ulikuta 28.

Mafuta ya mwili hukaa ndani ya chembe hai, ambazo wengine huziita seli. Chembe hizo huanza changa, bila mafuta, kisha hugeuka zikajaa kama gunia. Mwaka 1975 wataalamu Howard Green na Olaniyi Kehinde, huko Marekani, walieleza jinsi chembe za panya zinavyogeuka hivyo ndani ya chombo cha maabara. Tangu hapo chembe hizo ndizo zinazojaribiwa vitu vya mimea. Kwasetini, iliyomo katika kitunguu maji, imeonekana kuzizuia zisigeuke. Mchicha nao una karotini, ambayo mwili huifanya vitamini A. Na asidi itokanayo na vitamini hiyo huweza kuzuia vivyo hivyo.

Lakini chombo cha maabara si tumbo la mtu. Kwasetini mtu aliyoila hubadilishwa sana na utumbo na ini, na ifikayo katika damu ni kidogo. Tena, mwaka 2008 Kirsty Spalding na wenzake wa Sweden walionyesha kwamba hesabu ya chembe za mafuta kwa mtu mzima haibadiliki sana, hata akikonda. Kila mwaka kama 10 katika 100 hufa, na nyingine hushika mahali pao. (Umri wa chembe waliupima kwa athari za majaribio ya mabomu ya atomu. Ajabu kweli!) Anayekonda, chembe zake husinyaa tu.

Basi mchicha hufaa kwa sababu iliyo nyepesi zaidi: hushibisha bila kunenepesha. Karotini yake yataka mafuta kidogo ili iingie mwilini, kwa hiyo tui si kosa. Bali tui la nazi mbili kwa fungu moja la mchicha, hapo hatumo.

Sasa karafuu. Sehemu kubwa ya mafuta yake, hata yale ya makonyo yanayokamuliwa Wawi, Pemba, ni yujenoli. Hiyo nayo imejaribiwa maabarani, na wachuuzi wameanza kuisifu. Kunywa mafuta hayo ni hatari. Wako watoto walioharibika ini kwa vijiko vichache tu. Mwanachama asiyauze kwa jina la dawa ya kukondesha, hata mnunuzi akitoa bei nzuri. Punje za pilau hazina neno. Chupa ya mafuta iwekwe juu, mbali na watoto.