Kumtunza mzee ni kazi ya ujuzi, si ya huruma pekee

JE, ni nani anayemtunza mzazi wako mkongwe wakati huu unaposoma gazeti hili? Kwa wakazi wengi wa mijini, jibu ni msichana wa kazi aliyeajiriwa kupika na kufua, au mjukuu ambaye bado hajapata ajira. Kwa mzee anayetembea na kujilisha mwenyewe, huenda mpango huo ukatosha. Lakini mzee akipatwa na kiharusi, akivunjika nyonga au akianza kupotewa na kumbukumbu, mapenzi pekee hayatatosha.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kenya ilikuwa na watu wapatao milioni 2.7 waliotimu umri wa miaka 60 na zaidi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa ipasavyo na jamaa zao pamoja na Serikali. Hata hivyo, haki hiyo hutimizwa na mikono ya mtu, na mikono hiyo sharti iwe imefunzwa.

Ujuzi gani unahitajika?

Chukua mfano wa vidonda vya kulalia. Mzee asiyeweza kujigeuza hukandamizwa na uzani wa mwili wake kwenye makalio, nyonga na visigino. Damu haifiki vizuri kwenye ngozi, nayo ngozi huanza kufa. Kidonda kinaweza kuanza kwa saa chache tu lakini kikachukua miezi kupona. Mlezi aliyefunzwa hukagua ngozi kila siku na kumgeuza mzee mara kwa mara, aghalabu kila baada ya saa mbili, wala hamburuti kitandani.

Kulisha nako kuna kanuni zake. Kiharusi kinaweza kudhoofisha misuli ya koo. Mgonjwa akinyweshwa uji akiwa amelala chali, uji unaweza kuingia mapafuni na kusababisha nimonia. Anafaa kuketishwa wima, alishwe polepole kwa kijiko kidogo, kisha abaki wima kwa muda wa nusu saa hivi baada ya kula.

Isitoshe, wazee wengi hutumia dawa za shinikizo la damu na za kisukari kwa wakati mmoja. Mwenye kisukari akitumia dawa zake kisha akose kula, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, atokwe na jasho, atetemeke na kuchanganyikiwa. Asiyejua dalili hizi atasema, "Ni uzee tu," na kumwacha alale. Kadhalika, kuchanganyikiwa kwa ghafla huenda kukawa dalili ya maambukizi, na mzee huyo anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Watatoka wapi?

Mnamo Septemba 2023, Serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Hao ni msaada mkubwa, lakini kila mmoja huzuru nyumba nyingi. Hawezi kushinda kwako akimwogesha mama yako.

Mafunzo ya walezi hutolewa na vyuo mbalimbali, mengine kwa majuma machache na mengine kwa miezi kadhaa. Kwa hivyo usitosheke na cheti. Mwombe mlezi akuonyeshe jinsi ya kumtoa mzee kitandani hadi kitini bila kumvuta mikono. Muulize atafanya nini mzee akianguka, au mdomo ukipinda ghafla na usemi kupotea. Muulize pia alikofanyia mazoezi, kwani kazi hii haijifunzwi kwa kitabu pekee.

Ukishampata mlezi stadi, mtunze naye. Wengi huelekea ng'ambo kwa sababu ya ujira duni nyumbani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko kila juma na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Mlezi asiyelala usiku wala kupumzika huchoka, na aliyechoka husahau dawa, au hukosa subira na mzee. Mpangie mtu wa kumpokea zamu, hata ikiwa ni wewe mwenyewe siku ya Jumapili.

Mwisho, nunua daftari. Humo mlezi aandike kila siku dawa zilizotolewa, chakula kilicholiwa, hali ya ngozi na jinsi mzee alivyolala. Lisome kila jioni na ulibebe mwendapo kliniki. Daktari atajifunza mengi zaidi humo kuliko atakavyoambiwa na mtu aliyekuwa ofisini mchana kutwa.